Mjomba, oda yangu ilikaa tu huku bei ikiporomoka

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 29, nauza kava na chaja za simu hapa Kisauni, Mombasa. Mwezi uliopita mimi na mdogo wangu wa kike tulichanga shilingi 78,000, nusu kwa nusu, tukanunua USDT, ile sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, kwa mtu kwa M-Pesa. Tukapata 600 na chenji kidogo. Mdogo wangu hajui lolote kuhusu kripto, aliniamini mimi.

Niko kwenye kundi la WhatsApp lenye mtu tunayemwita Mwalimu. Jioni moja alituma jina la sarafu ndogo, akaandika: "Ingieni sasa hivi kwa bei ya soko, msisubiri." Nikafungua programu, nikaona bei 0.80. Nikapiga hesabu, dola 600 kwa bei hiyo ni sarafu 750. Nikabonyeza. Zikaingia 698. Kuangalia vizuri, nimenunua kwa wastani wa 0.86. Nani aliniambia habari ya 0.86? Sarafu 52 zimekwenda wapi? Nikawaandikia huduma kwa wateja, wakajibu kwamba oda yangu "ilitekelezwa ipasavyo".

Nikameza. Kaka yetu yuko Doha, naye hufanya mambo haya, akaniambia nisilale bila kuweka stopu, yaani oda ya kuuza yenyewe bei ikishuka. Nikaweka stopu 0.75, na pale panapoulizwa limiti nikaandika hiyo hiyo 0.75. Nikalala. Alfajiri naamka kuswali, nashika simu, bei ni 0.52 na sarafu zangu zote ziko pale pale, haijauzwa hata moja. Oda imeandikwa bado iko wazi. Sasa hiyo stopu ilikuwa ya kazi gani?

Kaka anasema kosa langu ni kuweka limiti, eti siku zote nitumie oda ya soko kwa sababu inauza papo hapo. Lakini si hiyo ya soko ndiyo iliyonipiga mara ya kwanza? Mwalimu naye anasema tusiuze, tuongeze. Mdogo wangu ananiuliza kila siku pesa imefika ngapi, namwambia bado tunasubiri.

Mjomba, nimeibiwa? Na sasa niuze vipi?

Niliyelala nikidhani nimejikinga, Kisauni

*

Marahaba, mpwa wangu.

Hujaibiwa. Najua ungependa kusikia vingine, maana mwizi angalau ana pa kushtakiwa. Kwa ulivyoeleza, oda zako zote mbili zilifanya kile ulichoziagiza, neno kwa neno. Hakuna tu aliyekueleza ulikuwa unaagiza nini. Wale wa huduma kwa wateja walikuambia kweli, ila kwa sentensi isiyomfaa mtu kitu.

Tuanze na ile 0.80. Namba kubwa unayoiona juu ya skrini ni bei ya biashara ya mwisho, ambayo imekwisha kufanyika. Sekunde chache kabla yako mtu fulani alinunua, pengine sarafu kumi tu, kwa bei hiyo. Hakuna aliyekuahidi wewe chochote. Bei zinazokuhusu ziko kwenye daftari la oda, ile orodha ya safu nyekundu na safu ya kijani ambayo watu huipita kama pambo. Nyekundu ni wanaouza, kila mmoja na bei anayoitaka na kiasi alichonacho. Kijani ni wanaonunua. Kati ya muuzaji wa bei ya chini kabisa na mnunuzi wa bei ya juu kabisa kuna pengo. Kwa Bitcoin, kwenye soko kubwa, pengo hilo ni dogo hata hulitambui. Kwa sarafu kama hiyo yako, mkokoteni unapita.

Daftari la jioni ile sikuliona, lakini hesabu yako inanionesha lilifanana na nini. Tuseme wauzaji walijipanga hivi: sarafu 200 kwa 0.80, kisha 150 kwa 0.82, kisha 200 kwa 0.88, na nyuma yao mtu mwenye mzigo mkubwa kwa 0.95. Oda ya soko haina bei ndani yake. Inasema nipe, kwa yeyote aliyepo, mpaka pesa yangu iishe. Basi ikazichukua zile 200 za mwanzo kwa dola 160. Ikapanda, ikachukua 150 kwa dola 123. Ikapanda tena, 200 kwa dola 176. Ukabakiwa na dola 141, zikaenda zote kwa yule wa 0.95, ukapata sarafu 148. Jumlisha: 698, wastani 0.86. Hizo 52 unazozitafuta hukuwahi kuwa nazo. Bei ya 0.80 ilikuwepo kweli, lakini kwa sarafu 200, nawe ulikuja na pesa ya kununua 750.

Hali hii huitwa kuteleza kwa bei, na haina dawa nyingine isipokuwa kulitazama daftari kabla ya kubonyeza, au kutumia oda ya limiti.

Kwenye limiti kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Watu hudhani limiti ni kuweka bei ya chini kuliko ya sasa, kisha ukae uombe Mungu ishuke. Unaweza kuitumia hivyo, lakini si lazima. Jioni ile, bei ikiwa 0.80, ungeweza kuweka limiti ya kununua ya 0.82. Ungepata zile 200 kwa 0.80, kwa sababu limiti ni bei ya juu kabisa unayokubali, na kama kuna nafuu unapewa nafuu. Ungepata na zile 150 kwa 0.82. Hapo dola 283 zingekuwa zimetumika papo hapo, na dola 317 zilizobaki zingesimama kwenye foleni ya kijani kwa bei ya 0.82, zikingoja muuzaji. Ungekuwa umewahi vile vile alivyotaka Mwalimu wako, ila hakuna mtu angekuuzia kwa 0.95. Na kama muuzaji wa 0.82 asingetokea tena, basi nusu ya pesa yenu ingebaki kuwa pesa. Kwa sarafu ile, hiyo ingekuwa heri.

Kuna masoko yanayotoza ada ndogo zaidi kwa oda inayosimama kwenye foleni kuliko inayochukua ya wengine, kwa sababu aliyesimama ndiye anayelijaza daftari. Kwa mtaji wa dola 600 tofauti hiyo usiisumbukie. Binance, kwa mfano, imekuwa ikimtoza mteja wa kawaida asilimia 0.1 kila upande, yaani senti 60 kwa dola 600. Kuteleza kwako kulikugharimu zaidi ya dola 40. Watu hubishana usiku kucha juu ya ada, halafu asubuhi wanabonyeza oda ya soko kwenye sarafu isiyo na ukwasi, yaani isiyo na wanunuzi na wauzaji wa kutosha.

Sasa stopu, ambayo ndiyo iliyokuuma zaidi.

Stopu, tofauti na limiti, haimo kwenye daftari. Ni agizo lililolala ndani ya mitambo ya soko, wanunuzi hawalioni, mpaka bei iguse namba uliyoitaja. Ikigusa, ndipo inazaliwa oda halisi. La kujiuliza ni oda ya aina gani inazaliwa. Stopu ya soko huzaa oda ya soko. Stopu-limiti, ambayo ndiyo uliyoweka, huzaa oda ya limiti. Uliuagiza mtambo hivi: bei ikifika 0.75, peleka sokoni sarafu zangu zote, na usizitoe chini ya 0.75. Usiku bei ikafika. Oda ikapelekwa. Lakini wakati huo wanunuzi wa 0.75 walikuwa wameshamalizwa na wauzaji waliokutangulia, na mnunuzi aliyefuata pengine alikuwa anatoa 0.71. Oda yako ikakataa, kama ulivyoiagiza. Bei ikaendelea kushuka, nayo imesimama juu inangoja mtu wa 0.75 arudi. Hiyo ndiyo maana ya "iko wazi". Iliamka kwa wakati, ila ilikosa wa kumuuzia.

Ndiyo sababu programu inakuuliza namba mbili. Ya kwanza ni ya kuiamsha oda, ya pili ni ya chini kabisa utakayoivumilia, na zinatakiwa ziachane. Ungeandika stopu 0.75 na limiti 0.70, huenda ungekuwa umetoka. Umbali wa kuachana haupatikani kwa kukisia. Tazama safu ya kijani, jumlisha wanunuzi kuanzia 0.75 kwenda chini mpaka watoshe sarafu 698, uone umeishia bei gani. Kisha shuka tena kidogo, kwa sababu usiku wa mporomoko nusu ya hao wa kijani hufuta oda zao wakakimbia. Na usipende namba za mviringo kama 0.75 au 0.50. Kila mtu anazipenda, stopu hurundikana hapo, na zikiamka pamoja zinakanyagana.

Usisahau pia kwamba masoko haya hayalali. Soko la Hisa la Nairobi hufunguliwa saa tatu asubuhi, hufungwa saa tisa alasiri, na lina kanuni inayozuia hisa isihame zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Kripto haina mlango wala dari. Tarehe 12 Machi 2020 Bitcoin yenyewe, kubwa lao, ilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake ndani ya saa 24. Kama Bitcoin inaweza hivyo, usishangae kasarafu ka kwenye kundi la WhatsApp kukupotezea theluthi kabla ya adhana.

Kaka yako wa Doha ana nusu ya haki. Stopu ya soko ingekutoa, hilo sina ubishi nalo. Lakini ingekutoa kwa shilingi ngapi? Mwambie asome habari ya tarehe 21 Juni 2017 kwenye GDAX, soko la kripto lililokuwa la kampuni ya Coinbase. Siku hiyo mtu mmoja aliuza Ether, sarafu kubwa inayoifuata Bitcoin, za mamilioni ya dola kwa oda ya soko. Bei ikateremka kutoka dola 317.81 hadi 224.48, kwa sababu oda yake ilikuwa ikishuka daftari ngazi kwa ngazi kama yako ilivyopanda. Huko ilikofika ikaamsha stopu za watu wengine, na waliokuwa wakifanya biashara kwa mkopo wakaanza kuuziwa mali zao kwa lazima. Oda kama 800 hivi ziliamka kwa kufuatana, kila moja ikiisukuma bei chini kwa inayofuata, mpaka Ether ikauzwa kwa senti 10. Senti kumi, mpwa wangu, kitu cha zaidi ya dola 300. Bei ilirudi juu haraka, lakini waliouziwa walikuwa wameshauziwa, na waliokuwa na limiti za kununua huko chini waliachiwa mali yao. Coinbase walisema mitambo haikukosea popote, na haikukosea kweli. Baadaye waliamua kuwafidia walioumizwa kwa pesa ya kampuni. Soko lako wewe usilitegemee kuwa na moyo huo.

Kwa hiyo ukiniuliza nani mshindi kati ya soko na limiti, nitakuuliza wewe unaogopa nini zaidi. Oda ya soko inakuhakikishia kutoka, haikuhakikishii bei. Limiti inakuhakikishia bei, haikuhakikishii kutoka. Stopu haibadilishi hilo, inaamua saa tu. Mimi binafsi, kwa Bitcoin au Ether na pesa ndogo kama yenu, ningetumia stopu ya soko nikalala, maana daftari lao ni nene na dola 600 hazitikisi kitu. Kwa sarafu nyembamba ningetumia stopu-limiti yenye nafasi pana, nikijua kabisa kuna usiku itanikosa. Na kwa sarafu nyembamba niliyoisikia jana kutoka kwa mtu nisiyemjua, nisingenunua.

Kuna na oda iitwayo OCO, unayoweza kuihitaji siku nyingine. Unaweka limiti ya kuuza juu kwa ajili ya faida na stopu chini kwa ajili ya hasara, zote kwa sarafu zile zile. Ikitimia moja, nyingine inajifuta. Bila hiyo, ukishaweka stopu sarafu zako zinafungwa, huwezi kuziwekea na oda ya faida. Na kuna kisanduku chenye herufi GTC, IOC na FOK. GTC, ambayo mara nyingi huwekwa yenyewe, maana yake oda itakaa mpaka uifute. Inaweza kukaa miezi. Umeisahau, umeshabadili mawazo, nayo inatimia siku uko harusini. IOC huchukua kinachopatikana sasa na kufuta kilichobaki, FOK inataka yote kwa mara moja au hakuna. Zaidi ya hapo usihangaike nazo kwa sasa.

Nirudi kwa Mwalimu, kwa sababu ananikera. Jiulize kwa nini alisisitiza "kwa bei ya soko, msisubiri". Mtu aliyenunua mapema sarafu isiyo na ukwasi ana tatizo moja kubwa, kwamba akitaka kuuza hakuna wanunuzi. Anahitaji watu wengi wanaonunua kwa dakika moja bila kutazama bei. Oda ya soko ndiyo hiyo. Mkiweka limiti mnamharibia, kwa sababu mnasimama kwenye foleni badala ya kupanda mpaka kwenye mzigo wake wa 0.95. Sisemi mzigo ule ulikuwa wake, simjui. Nasema ungekuwa wake, ujumbe angeuandika kwa maneno hayo hayo. Na sasa anawaambia mwongeze, nyie mliokwisha kuingia. Toka kwenye hilo kundi.

Sasa kuuza. Kwanza ifute ile oda iliyo wazi ya 0.75, maana inazifunga sarafu zako, huwezi kuziuza zikiwa ndani yake. Kisha fungua historia ya oda, piga picha ya kila kitu: muda, bei ya kila kipande, ada. Ukikuta popote umeuziwa juu ya limiti uliyoweka, au stopu iliyopitwa na bei bila kuamka, hapo una kesi. Tangu Oktoba 2025 Kenya ina sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, na wasimamizi wake ni Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Uliza kama soko lako lina leseni yao. Lakini kwa ulivyoniandikia, sioni kesi.

Halafu jiulize hivi: leo ungekuwa na dola 363 mkononi, ambazo ndizo thamani ya sarafu 698 kwa 0.52, ungezinunua? Kama jibu ni hapana, uza, na usingoje 0.86 irudi, maana sarafu haijui ulinunua bei gani. Usiuze kwa oda moja ya soko, utateleza tena kuelekea chini. Zigawe mafungu manne au matano. Tazama safu ya kijani, weka limiti ya kuuza kwenye bei ya mnunuzi anayetosha fungu moja, subiri daftari lijae, weka la pili. Tarajia kupata pungufu ya 363. Fungu likikwama, shusha limiti kidogo, lakini jipe saa ya mwisho: kabla sijafunga duka leo niwe nimemaliza. Ukishapata USDT na ukataka shilingi, usimwachilie mnunuzi USDT hizo kabla hujaiona pesa kwenye salio lako la M-Pesa lenyewe. Ujumbe wa simu peke yake mtu anaweza kuuandika.

Kabla ya kufuta hiyo oda, zungumza na mdogo wako. "Bado tunasubiri" si jawabu kwa mtu mwenye shilingi 39,000 humo ndani. Mkalishe, mwoneshe skrini, mwambie tulinunua kwa 0.86, leo ni 0.52, kinga niliiweka vibaya, haya ndiyo yaliyobaki. Atakasirika, ana haki. Kisha muulize anataka nini, maana nusu ya sarafu ni zake na uamuzi juu ya nusu hiyo ni wake pia. Akisema ziuzwe na wewe ukataka kubaki, uza 349 umpe pesa yake, na hizo 349 zako ziwekee stopu yenye namba mbili tofauti.

Mjomba